Kuzunguka Ghuba ya Winam kwa Gari: Feri, Busaa na Dereva Asiyeonja

Safari ya marafiki kando ya Ziwa Victoria huharibiwa na mambo mawili kuliko mengine yote: kinywaji kilichofunguliwa kabla ya saa yake, na feri iliyokosekana. Tairi likipasuka kuna spea. Mvua ikinyesha mtasimama kibandani hadi ipungue. Lakini dereva aliyeanza kunywa saa sita mchana pale Kendu Bay hana dawa, na siku nzima huishia hapo. Kwa hiyo ratiba tunayoieleza hapa inafuata kanuni moja: mchana ni wa ziwa, jioni ni ya kinywaji, na chupa ya kwanza hufunguliwa pale gari litakapolala.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Nakuru mnapanda hadi Mau Summit, mnakata kushoto kuelekea Londiani Junction na Kericho, kisha mnateremka hadi Ahero na kuingia Kisumu. Siku ya pili mnarudi Ahero na kufuata ufuo wa kusini: Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, halafu mnavuka daraja kuingia kisiwa cha Rusinga. Siku ya tatu mnapanda feri ya asubuhi kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, mnapita Ndori na Seme, mnatokea Kisian na kurudi Kisumu. Siku ya nne ni ya kurudi nyumbani. Jumla ni kama kilomita 600 na ushee. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litataka lita 50 hivi, na ukiongeza vizunguko vya mjini na vijia vya kushukia ufuoni, panga lita 60. EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hiyo huanza kutumika siku inayofuata. Mkisafiri katikati ya mwezi msipige hesabu ya mafuta kabla ya tangazo hilo.

Wengi huizunguka ghuba hii kinyume: wanaanzia Luanda Kotieno na kumalizia Homa Bay. Sisi tunashauri mfuate mshale wa saa, na sababu ni feri. Feri ikichelewa, ikijaa au ikiharibika mkiwa Mbita, mna pa kulala, mna samaki, mna vituo vya mafuta, na barabara ya kurudi Homa Bay iko nyuma yenu. Ikiwakwamisha jioni mkiwa Luanda Kotieno, mtabaki kwenye kituo kidogo cha ufuoni mkitafuta vitanda vya watu watano gizani. Tena ziwa huwa tulivu asubuhi. Upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, na dhoruba za radi hupenda kuja baada ya saa nane mchana.

Mteremko wa Kericho na breki zako

Nakuru hadi Kisumu haifiki kilomita 200, lakini msiipangie chini ya saa nne na nusu. Kipande cha Nakuru hadi Mau Summit kimo kwenye mradi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kwa hiyo tarajieni mashine, vumbi na njia za kuchepuka. Salgaa na Sachangwan zinajulikana kwa ajali, na pale Londiani Junction lori lililopoteza mwelekeo tarehe 30 Juni 2023 liliua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara, wengi wao wachuuzi na abiria. Kwa sababu hiyo msisimamishe gari Londiani Junction kununua viazi au karoti. Zipo kwingine.

Mau Summit iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu ni kama mita 1,130. Mita hizo zote mtazishuka kwa sehemu kubwa baada ya Kericho, mkiwa na watu watano na buti lililojaa. Kosa la kawaida ni kuliacha gari gia ya juu na kukanyaga breki njia nzima. Breki zikipata joto kupita kiasi, maji ya breki huchemka, viputo vya mvuke huingia kwenye mfumo, na pedali huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Ingia gia ya tatu kabla mteremko haujaanza, au ya pili mahali palipo pakali. Gari la otomatiki litoe D uliweke kwenye 2, L au S. Acha injini ishike gari, kisha kanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, achilia, kanyaga tena. Mkisikia harufu ya kuungua, egesheni mahali pa wazi na mngoje nusu saa. Msizimwagie diski maji, zitapinda. Maji ya breki hunyonya unyevu polepole, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyochemka mapema. Kama hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishwe kabla ya safari hii.

Kericho hunyesha alasiri karibu mwaka mzima, mara nyingi kwa mvua ya mawe. Ondokeni Nakuru saa moja asubuhi, mnywe chai Kericho saa nne, na ikifika saa sita mtakuwa kwenye uwanda wa Kano mkiyaona mashamba ya mpunga ya Ahero. Kati ya Machi na Mei ulizeni hali ya mto Nyando kwanza, maana uwanda huo hufurika.

Hesabu ya kinywaji

Hapa ndipo marafiki hudanganyana, kwa hiyo tuende polepole.

Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kilevi, zidisha kwa 0.8, gawanya kwa 100. Unapata gramu za kilevi. Chupa ya bia ya kawaida ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Chupa ndogo ya mililita 330 kutoka kiwanda kidogo, yenye asilimia 7, ina kama gramu 18 na nusu. Yaani kichupa kile kinachoonekana cha heshima kinakaribia kabisa chupa kubwa, na mtu akinywa vinne akidhani amekunywa “vidogo tu” amekunywa karibu sawa na jirani yake mwenye chupa kubwa nne. Soma asilimia kwenye lebo kabla ya kufungua.

Mwili huondoa kama gramu 7 au 8 kwa saa. Kahawa haiongezi kasi hiyo, wala kuoga, wala mchuzi wa samaki. Dereva aliyeanza saa mbili usiku na kumaliza chupa nne za kawaida ana gramu 80. Kwa gramu 7 kwa saa, mwili wake unasafika kama saa moja na nusu asubuhi, na hapo amebahatika kama alilala vizuri. Kama gari linatakiwa kuwa kwenye foleni ya feri saa kumi na mbili, huyo hawezi kuliendesha. Chupa mbili kuanzia saa mbili huisha mwilini kama saa nane usiku. Basi dereva wa kesho apewe chupa mbili zisizozidi, naye aache kunywa saa tatu.

Chagueni madereva wawili kabla ya kutoka Nakuru, na mwandike nani anaendesha siku gani. Hakikisheni bima ya gari inamkubali yule wa pili. Dereva wa siku haonji chochote hadi ufunguo uwekwe mezani mahali pa kulala. Kiwango cha alkoblo, kipimo cha pumzi cha polisi, kilichowekwa na kanuni za 2011 kilikuwa mikrogramu 35 za kilevi katika mililita 100 za pumzi, na sheria ya trafiki inaruhusu faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini hata bila askari, barabara ya Homa Bay usiku ina ng'ombe, boda zisizo na taa na watu wanaotoka sokoni, na huo mseto haumsamehi mtu mwenye chupa mbili kichwani.

Jambo la pesa linaingia hapa pia. Mafuta, feri na malazi ziwe kwenye mfuko mmoja, kila mtu atume sehemu yake kwa M-Pesa ya mweka hazina kabla ya siku ya safari. Vinywaji viwe mfuko wa pili, wa wanywaji peke yao. Dereva anayekunywa soda siku nzima akilipishwa bia za wenzake, siku ya tatu atakataa kuendesha, na ana haki.

Kubeba bia nzuri hadi Rusinga

Bia za viwanda vidogo vya Nairobi, kama Bateleur, 254 na Sirville, hazipatikani kila kaunta ya Kisumu, na Mbita usizitegemee. Kama mnataka kuzionja mbele ya ziwa, zibebeni. Shida ni kwamba bia za namna hii, nyingi hazijapashwa moto kuua vijidudu wala kuchujwa sana, na joto la buti linazimaliza. Ile harufu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, kwenye bia chungu zinazoandikwa IPA ndiyo huondoka kwanza. Mwanga nao ni adui: jua likipiga bia iliyo kwenye chupa nyeupe au ya kijani, hopsi hubadilika na kutoa harufu ya kuvunda kwa dakika chache tu. Chupa ya kahawia huvumilia zaidi.

Sanduku la barafu la lita 40 linatosha chupa 18 hadi 20 za mililita 330 pamoja na barafu. Siku mbili kabla, jaza maji chupa za plastiki za lita moja, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, uzigandishe kabisa. Bia zilale kwenye friji usiku kucha. Bia yenye joto ikiingia sandukuni, nusu ya barafu hutumika kuipoza badala ya kuihifadhi. Panga bia wima, ziba mapengo kwa zile chupa za barafu, funika kwa leso nzito iliyokunjwa, halafu fungeni na msifungue hadi jioni. Maji na soda za njiani ziwe kwenye mfuko mwingine, maana sanduku likifunguliwa kila nusu saa barafu haifiki Kericho. Bonge la barafu hukaa kuliko vipande vidogo kwa sababu sehemu inayokutana na hewa ni ndogo, na likiyeyuka mna maji safi ya kunywa. Sanduku likae kwenye kiti au miguuni, si kwenye buti juu ya bomba la moshi. Mkifika Kisumu mwombeni mwenye hoteli agandishe chupa zenu tena usiku. Barafu ya ufuoni ni ya kuhifadhia samaki, isiguse kitu chochote kinachonyweka.

Bia yenye hamira chini ya chupa itakuwa imevurugika kwa matuta. Isimamishe wima kwenye friji usiku mmoja, mimina taratibu kwa mkupuo mmoja, na uache kidole kimoja chini. Kuhusu chakula, tunasimama hapa: bia nyepesi ya ngano kwa ngege (tilapia) wa kukaanga, bia chungu kwa omena (dagaa wa ziwani). Mafuta na uchungu wa omena huzima bia nyepesi kabisa, na ni bia chungu pekee inayosimama nao.

Kisumu mna jambo moja la kujua kuhusu mtama. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa upya 2019 baada ya uwekezaji wa shilingi bilioni 15, na kazi yake kubwa ni Senator, bia ya pipa inayotengenezwa kwa mtama. Mashamba ya mtama mtakayoyaona mkielekea Homa Bay na mkipita Siaya yana soko huko. Senator ya pipa ni ya kunywa siku pipa linapofunguliwa. Lililokaa siku nyingi kwenye joto huchacha, na mwenye baa mwaminifu atakuambia ukimuuliza.

Jioni ya kwanza nendeni Dunga, ufuo wa wavuvi pembeni mwa Kisumu. Agizeni samaki kabla ya kukaa, maana ngege anayekaangwa akiwa mbichi huchukua kama dakika 40, na mezani anayeletwa kwa dakika 10 alishakaangwa asubuhi. Mtazameni kabla hajakatwa: matamvua mekundu, jicho angavu lililojaa, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Jicho likizama, chagueni mwingine. Mashua ya kutazama viboko na mafunjo ikodisheni asubuhi ya pili, saa kumi na mbili na nusu, kwa bei ya mashua kwa saa na si kwa kichwa. Kila mtu avae boya, na mikanda ijaribiwe kabla ya kuondoka, kwa sababu maboya mengi yana vifungo vilivyokatika. Gugu maji likisukumwa na upepo linaweza kuziba ufuo mzima kwa muda mfupi, basi nahodha akisema turudi, rudini.

Ufuo wa kusini hadi Rusinga

Kisumu hadi Homa Bay kwa njia ya Kendu Bay ni kama kilomita 105, na Homa Bay hadi Mbita ni 40 na kitu. Ni lami. Siku hii haina haraka, kwa hiyo simameni Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo karibu na Kendu Bay. Inasimuliwa kwamba kijiji kilikuwa katika karamu ya pombe, kikongwe akaomba pa kulala na chakula akafukuzwa, na kijiji kikazama chini ya maji isipokuwa nyumba iliyomkaribisha. Heroe huja na kuondoka kulingana na chakula kilichomo majini. Msiogelee.

Jazeni mafuta Homa Bay. Mkifika Mbita kitu cha kwanza, hata kabla ya kutafuta vyumba, ni kwenda kwenye gati kuuliza saa za feri za kesho na kama mnaweza kuandikisha gari. Saa hubadilika, na habari ya mtandaoni mara nyingi ni ya zamani.

Rusinga ina mengi. Kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa tarehe 5 Julai 1969, liko Kamasengre, na jengo lake limeumbwa kama risasi. Kisiwa hiki ndiko Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alikopata fuvu la Proconsul, nyani wa kale, mwaka 1948. Kwa mashua kutoka Mbita mnaweza kwenda Takawiri yenye mchanga mweupe, au Mfangano yenye michoro ya kale ya mwambani, lakini Mfangano inataka siku nzima, msiibane ndani ya alasiri moja. Kama hamna siku ya ziada, bakini Rusinga, mtembee upande wa magharibi, na sanduku lile lifunguliwe saa kumi na moja jioni.

Usiku mtaona taa za wavuvi wa omena majini. Omena huvutwa na mwanga, na usiku wenye mbalamwezi taa hazina nguvu, hivyo wavuvi wengi hubaki nyumbani. Mkitaka kuona taa hizo, pangeni safari yenu karibu na mwezi mwandamo. Asubuhi kina mama huanika omena kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mnunue: omena iliyokauka vizuri juani huvunjika ukiikunja, iliyo na unyevu hupinda tu, na hiyo itaota ukungu kabla ya Nakuru.

Kupanda feri

Fikeni saa nzima kabla. Abiria washuke na kupanda kwa miguu, dereva abaki peke yake. Hii ni kwa usalama, lakini pia gari lililoshushwa watu huinuka kidogo, na ngazi ya feri hukwaruza tumbo la magari ya chini. Vioo vyote viwe chini. Gari likishapangwa, zima injini, gia ya kwanza au P, handibreki juu, na mtu asibaki ndani wakati wa kuvuka. Beba pesa taslimu kidogo kwa sababu mtandao wa simu hupotea ufuoni. Kuvuka huchukua kama saa moja. Luanda Kotieno hadi Ndori ni lami, mnageuka kulia, na kabla ya Kisian mtapita Kit Mikayi, yale majabali makubwa yaliyopandiana huko Seme. Mkwee na mwongozaji wa hapo, kwa viatu vyenye kushika, si kwa malapa.

Busaa, kwa mtu anayeitaka kwa adabu

Magharibi ina kinywaji chake cha mikono, cha zamani kuliko viwanda vyote tulivyovitaja, na alasiri ya Jumamosi ndiyo wakati wake. Acheni gari hotelini Kisumu mchukue teksi upande wa Maseno na Luanda (si Luanda Kotieno), mkiongozwa na mwenyeji.

Utengenezaji wake ni kazi ya karibu wiki. Wimbi (ulezi) hulowekwa siku moja, huoteshwa kwenye gunia lenye unyevu siku mbili tatu, hukaushwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi hukandwa na maji uwe mgumu, hufunikwa na kuachwa uchachuke kama siku tatu. Halafu donge hilo humwagwa juu ya bati pana lililowekwa kwenye moto wa kuni, na mama hukaa nalo akiligeuza na kulivunja kwa koleo au ubao, moshi ukimwingia machoni, mpaka chembe zigeuke rangi ya kahawa na harufu ya mahindi ya kuchoma ijae uani. Akiliacha dakika chache tu linaungua upande mmoja, na busaa yote hushika uchungu wa masizi. Chembe huanikwa juani, kisha hutiwa maji na kimea. Wapishi hutofautiana, lakini kimea huwa sehemu ndogo, kama gorogoro (kopo la kupimia nafaka) moja kwa gorogoro nne au tano za unga. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na bila hicho mtakunywa uji mchungu usiolevya. Baada ya siku mbili tatu huchujwa.

Busaa nzuri ni nzito, ya kahawia, yenye ukali wa kuchacha na harufu ya kuchomwa. Ikinuka siki, imepita siku. Ikiwaka kooni, kuna mtu ameikoroga na chang'aa, pombe kali ya kienyeji, simameni mwondoke bila ugomvi. Chang'aa msiiguse kabisa. Sheria ya 2010 iliihalalisha kwa wenye leseni tu, na ile ya vichochoroni huweza kuwa na methanoli, kilevi chenye sumu ambacho hakina ladha ya kukuonya. Mtu akianza kuona ukungu machoni saa kadhaa baada ya kunywa, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu mara moja na mseme wazi alichokunywa.

Kaeni mahali penye leseni au kwenye nyumba ya mwenyeji aliyewaalika. Baa kwa sheria hiyo hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi na sikukuu, na hufungwa saa tano usiku. Kwenye chungu cha pamoja wazee huketi kwanza. Mrija mrefu, lusekhe kwa Waluhya na oseke kwa Wajaluo, una kichujio kidogo mwishoni cha kuzuia machicha. Usiupulize, usiuinue nje ya chungu ukazungumza nao mkononi, na usivute mfululizo huku wengine wakingoja. Mzee mwenye heshima zake hubeba mrija wake mwenyewe, kwa hiyo si kosa kukataa wa kuazima na kuomba upewe busaa yako kwenye kasuku (kopo). Mkiona chungu kimepungua, changieni kingine kabla hamjaambiwa.

Jumapili muwe mmeondoka Kisumu ikifika saa tatu asubuhi ili mpite Kericho kabla ya mvua na Salgaa kabla ya giza. Watu wa Nakuru hawana kinga kubwa ya malaria, na ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini. Laleni ndani ya neti kila usiku, na homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya kufika ziwani ipimwe siku hiyohiyo, daktari akijua mlikotoka. Aliyekanyaga maji ya ufuoni penye majani apimwe kichocho wiki sita hadi nane baadaye, kwa kuwa akipimwa mapema mayai huwa bado hayajaonekana.